Swali Lisilokaa Katika Somo Moja

Paukwa! Nikisikia "Pakawa" ninaendelea. Leo sina sungura wala fisi. Nina mvulana wa kidato cha tatu, maziwa, sukari, na friji moja ambayo haikuwatosha wanafunzi wote.

Mwaka ni 1963, na Tanganyika haijatimiza miaka mingi tangu ipate uhuru. Shule ni Magamba, huko Lushoto katika milima ya Usambara, na mvulana anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi wa pale walizoea kutengeneza aiskrimu, na kila mmoja alijua utaratibu wake: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka ndani ya friji. Hatua ya kupoza hairukwi, maana waliogopa kwamba kitu cha moto kitaiharibu friji.

Siku hiyo Erasto alinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, akayateleka. Mwenzake mmoja aliona nafasi zinaisha, akaacha hata kuchemsha. Alikoroga sukari kwenye maziwa baridi, akamimina kwenye trei na kuwahi. Erasto akatazama, akaona trei iliyobaki ni moja. Akingoja maziwa yapoe, ataikosa. Basi akajilipua, akayatia yakiwa moto vilevile.

Baada ya kama saa moja na nusu wakarudi kutazama. Ya Erasto yalikuwa yameganda yakawa aiskrimu. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Hebu tulieni hapo, wanangu, kwa sababu wengi wetu tungelamba aiskrimu yetu na kwenda zetu. Erasto aliila, lakini hakuacha kuuliza. Alimfuata mwalimu wa fizikia, akamweleza. Mwalimu akamjibu kwamba amejichanganya, jambo hilo haliwezekani. Erasto akaliamini jibu hilo, akanyamaza. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga. Huyo akamwambia waziwazi kuwa yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa kuwa ndivyo unavyowahi kuganda. Mwalimu anakataa, muuzaji anafanya kila siku. Mwanafunzi ashike la nani?

Alifaulu, akachaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa, kuendelea na kidato cha tano. Huko mada ya joto ikafika. Darasa likafundishwa kanuni ya Newton kuhusu jinsi vitu vinavyopoa. Erasto akainua mkono na kuuliza lile swali lake la zamani. Mwalimu wa huko naye hakushawishika, akalimaliza kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Mnajua darasa lilivyo. Tangu siku hiyo, akikosea hesabu, wenzake humcheka kwamba ni hisabati ya Mpemba.

Alichofanya Erasto ndicho ninachotaka mkishike. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi. Sikilizeni vizuri: ya biolojia, si ya fizikia. Alichukua vyombo viwili vya kioo vinavyolingana, kimoja akakijaza maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka vyote kwenye sehemu ya friji inayogandisha. Baada ya saa moja maji hayakuwa yameganda yote, lakini kile kilichoanza na maji ya moto kilikuwa na barafu nyingi zaidi. Safari hii hapakuwa na maziwa wala sukari. Kilichotofautiana kati ya vyombo vile ni joto la kuanzia peke yake. Kama angetumia maziwa kwenye kimoja na maji kwenye kingine, asingejua kilicholeta tofauti ni nini. Mkifanya majaribio, badilisheni jambo moja, mengine yote yaacheni sawa.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Wakati wa maswali Erasto akasimama. Hakusema tu "maji ya moto huganda haraka". Alisema: tukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine 100, tukaviweka pamoja kwenye friji, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda; kwa nini? Wenzake wakaangua kicheko. Dakta Osborne alimwuliza kama ameshajaribu mwenyewe. Alipojibiwa ndiyo, hakumcheka. Alisema jambo hilo linamshangaza, na kwamba atalijaribu.

Litazameni swali lile kwa macho ya mwalimu wa lugha. Vyombo vinavyofanana. Ujazo sawa. Nyuzi kadhaa. Mahali pamoja. Kila neno limefunga mlango ambao mbishi angepitia. Kupanga maneno namna hiyo hujifunzi katika fizikia. Unajifunza kwenye insha, mwalimu anapopiga mstari mwekundu chini ya sentensi isiyoeleweka na kukuuliza ulikuwa unataka kusema nini.

Dakta Osborne aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi alijaribu, akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Chekeni, mna haki. Lakini nani kati yetu hajawahi kufuta namba kwenye daftari la majaribio kwa sababu haifanani na ya kitabuni? Fundi yule alikuwa na jibu mkononi na bado alikuwa akilitafuta.

Walirudia kweli, na majibu yakabaki yaleyale. Wakapima maji ya joto mbalimbali, wakayaandika katika jedwali, wakachora grafu. Mnaosema grafu ni adhabu ya mwalimu wa hisabati, sikieni grafu hiyo ilisema nini. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyokawia zaidi kuanza kuganda. Kuanzia hapo, kadiri yalivyoanza na joto kubwa zaidi ndivyo yalivyowahi, mpaka karibu na nyuzi 90. Ukiwa na vyombo viwili tu, kimoja baridi na kimoja moto, huoni mlima huo wala mteremko wake. Unaviona ukiwa na vipimo vingi vilivyopangwa kwenye mstari.

Wakajaribu na jambo lingine. Waliweka utando mwembamba wa mafuta juu ya maji, na kuganda kwake kukachelewa kwa saa kadhaa. Basi wakajua kuwa joto jingi hupotelea juu, kwenye uso wa maji, si kwenye kuta za chombo. Hapo ndipo mnaona kwamba jaribio zuri huzaa jaribio lingine.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja, ikachapishwa katika jarida la walimu wa fizikia liitwalo Physics Education. Wakati huo Mpemba hakuwa akisomea fizikia. Alikuwa katika chuo cha usimamizi wa wanyamapori karibu na Moshi, na baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyamapori. Nalisema hili kwa wale wanaonung'unika kwamba kazi mradi ya sayansi haiwahusu kwa sababu hawatakuwa wanasayansi wa maabara. Bwana wanyamapori naye anatazama, anahesabu, anaandika alichokiona na kukitetea mbele ya wakubwa wasioamini.

Lile jina la dhihaka, fizikia ya Mpemba, halikufa. Leo wanafizikia duniani kote huliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Mmoja wenu atauliza: basi, sababu ni nini? Hapo ndipo panaponoga, kwa kuwa ubishi haujaisha. Wapo wanaotaja mvuke unaopotea, kwamba maji ya moto hupungua na yanayobaki ni machache. Wapo wanaotaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Wapo wanaotaja hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, ambayo hutoka yanapochemshwa. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, na yakamiminika zaidi ya 20,000. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya na kuandika kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kubadili jibu. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada wakachapisha jaribio la aina nyingine kabisa, la chembe ndogo sana ndani ya maji, ambamo chembe za moto zilitangulia kupoa. Swali lililozaliwa kwenye foleni ya friji ya shule linawashughulisha maprofesa hadi leo.

Sasa tuhesabu masomo yaliyopita katika kisa hiki kimoja. Mapishi ndiyo yaliyoanzisha. Biashara ya aiskrimu mjini Tanga ikaongeza ushahidi. Biolojia ikatoa vyombo, fizikia ikatoa kanuni ya kubishana nayo, hisabati ikachora mlima, lugha ikaliweka swali sawa. Ratiba ukutani huyatenga masomo haya kwa kengele, kila dakika arobaini mlango unafungwa na mwingine unafunguka. Kazi mradi haisikii kengele.

Msidhani ni bahati ya mtu mmoja. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mji wa Aleksandria kule Misri ulikuwa na mkuu wa maktaba aliyeitwa Eratosthenes. Alikuwa mshairi, mwanahesabu na mwanajiografia kwa pamoja. Alipata habari kwamba katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, siku yenye mchana mrefu kuliko zote, adhuhuri, vitu havina kivuli. Aleksandria siku hiyohiyo vilikuwa nacho. Akapima pembe ya kivuli, akaona ni sehemu moja ya hamsini ya duara. Kama pembe ni moja ya hamsini, basi umbali kati ya miji hiyo ni moja ya hamsini ya mzunguko wa dunia. Akazidisha umbali ule kwa hamsini, akapata mzingo wa dunia bila kutoka Misri.

Nanyi mnaweza. Tafuteni shule mbili, moja Dar es Salaam na nyingine Mombasa. Miji hii inafaa kwa sababu iko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na umbali wake kwa kufuata mstari huo ni kama kilomita 305. Chagueni tarehe ambayo shule zote zimefungua, tuseme 20 Julai. Kila shule isimamishe kijiti cha mita moja kwenye uwanja tambarare, kiwe wima kabisa, mkikihakiki kwa uzi na jiwe. Kuanzia saa sita mchana muwe mnaweka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache. Kivuli kitapungua, kitafika ufupi wake wa mwisho kama saa sita na nusu, kisha kitaanza kurefuka tena. Kile kifupi kuliko vyote ndicho mnachokitaka.

Wa Dar es Salaam watapata karibu sentimita 52. Wa Mombasa, karibu 46. Chora pembetatu kwenye karatasi kwa kipimio, pima pembe ya jua kwa kila mji, kisha toa ndogo kwenye kubwa. Tofauti inayotarajiwa ni nyuzi 2.75 hivi. Gawanya 360 kwa 2.75, utapata kama 131. Zidisha kwa kilomita 305: ni 39,955. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi.

Lakini nawaonya, hamtapata 39,955. Kijiti kitainama kidogo, upepo utakitikisa, ncha ya kivuli itakuwa na ukungu, na mmoja wenu atasoma rula kwa pembeni. Kosa la nusu sentimita tu laweza kuifanya tofauti ya pembe iwe nyuzi 3 badala ya 2.75, na hapo dunia yenu inakuwa ya kilomita 36,600. Mtakuwa mmepoteza zaidi ya kilomita 3,000 kwenye nusu sentimita.

Siku hiyo kitawajia kishawishi cha yule fundi wa maabara. Jibu la kitabu mnalijua, rula mnayo, na kifutio kiko kwenye mkebe. Msikiguse. Andikeni 36,600, kisha chini yake andikeni mnadhani kilomita zile zimepotelea wapi, na mara nyingine mtakipima kivuli namna gani. Mwalimu anayeijua kazi yake ataanza kusoma hapo.