MIPAKA YA KIFUNGO CHA UPWEKE

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba kifungo cha upweke si jambo la kuamuliwa na askari wa zamu apendavyo. Kwa mujibu wa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ni kumfungia mtu saa 22 au zaidi kwa siku bila ya maingiliano ya maana na wanaadamu wenziwe. Kikipindukia siku 15 mfululizo, kanuni hizo zinakikataza.

Adhabu hii ilienezwa kwa nia njema. Gereza la Eastern State, lililofunguliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1829, lilijengwa kwa imani kuwa mfungwa akiachwa na nafsi yake atatubu. Mwandishi Charles Dickens alilizuru mwaka 1842, akahukumu kuwa mateso yale ya akili yaliyapita ya mwili. Utaratibu huo ulifutwa rasmi mwaka 1913. Toba, kama ijulikanavyo, haiji kwa kufuli.

Ni kweli, yupo mfungwa anayewadhuru wenziwe, na kumtenga ni kuwalinda. Hata hivyo, kanuni zataka iwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi kabisa, na mhudumu wa afya amwone kila siku. Mwenye maradhi ya akili yatakayozidi kwa upweke hafungiwi hivyo. Wala kukatazwa kuwasiliana na jamaa zake hakuwezi kufanywa adhabu; njia za mawasiliano hubanwa kwa muda maalumu tu, pale usalama unapolazimisha.