Mbwa wako akikohoa, usikimbilie kumpa dawa yako

Na MWANDISHI WETU

MBWA anapoanza kukohoa kwa kishindo, akanyoosha shingo na kutema povu jeupe, wenye boma wengi hudhani amekwamwa na mfupa au ametegewa sumu na wezi. Mara nyingi sivyo. Huenda ameshikwa na maradhi ya njia ya hewa ambayo wataalamu huyaita kikohozi cha bandani, kwa kuwa huenea upesi mahali ambapo mbwa wengi hukaa pamoja.

Aghalabu maradhi hayo hupona katika muda wa wiki moja hadi tatu, almuradi mgonjwa apate mapumziko, hewa safi, maji na lishe. Hatari kubwa huzuka pale mwenye mbwa anapofungua kabati la dawa za binadamu, au anapochukulia kwamba kila kikohozi ni cha kupita. Ni muhimu basi kujua yale yanayoweza kufanywa nyumbani, na mahali ambapo uuguzi wa nyumbani hukoma.

CHANZO CHAKE

Kikohozi cha bandani hakiletwi na kijidudu kimoja. Bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica hushirikiana na virusi kadhaa, vikiwemo vile vya parainfluensa na adenovirusi aina ya 2, kuushambulia utando ulio ndani ya njia ya hewa. Utando huo una vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na makohozi kutoka mapafuni. Vikishalemazwa, uchafu hujikusanya, na mbwa hana budi kukohoa ili autoe.

Mbwa huambukizwa anapovuta matone yaliyorushwa na mwenzake anayekohoa au kupiga chafya, au anapotumia bakuli moja naye. Dalili huweza kuchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza. Wengi hulaumu baridi ya Juni na Julai, hasa katika maeneo kama Limuru na Nyahururu. Baridi pekee haileti maradhi haya, ingawa mbwa anayelala penye unyevu na upepo mkali hupata taabu zaidi kupona.

UUGUZI WA NYUMBANI

Mgonjwa ambaye bado anakula, anatikisa mkia na kupumua bila shida anaweza kuuguzwa nyumbani. La kwanza ni kumfungua mnyororo. Ukanda wa shingoni hubana njia ya hewa iliyokwisha kuvimba, na kila anapojivuta hukohoa upya. Iwapo ni lazima afungwe, atumie mkanda wa kuzunguka kifua. Aidha, apumzishwe ulinzi wa usiku kwa siku kadhaa, kwani kubweka na kukimbia huzidisha kikohozi.

La pili ni mahali pa kulala. Ampatie gunia kavu au blanketi kuukuu juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji, mahali pasipo na rasharasha za mvua. Hata hivyo, asifungiwe jikoni karibu na jiko la makaa au moto wa kuni. Moshi, vumbi, dawa ya kupulizia mbu na sigara humchokoza koo.

La tatu ni chakula na maji. Ugali mkavu na mifupa humkwaruza koo. Heri ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa nyama usio na chumvi wala kitunguu, au wali laini wenye vipande vya kuku visivyo na mifupa. Chakula kikipashwa moto kidogo hunukia, na mbwa aliyezibwa na kamasi huweza kukivutiwa. Maji safi yawepo daima, kwa sababu mwili wenye maji ya kutosha hulainisha makohozi. Kamasi zilizoganda puani na tongo za macho zifutwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu.

Hewa yenye mvuke pia husaidia. Mbwa anaweza kukaa kwa dakika 10 hivi katika bafu lililojaa mvuke wa maji moto, huku mwenyewe yupo naye. Asifunikwe blanketi juu ya sufuria inayofuka jinsi watu wanavyojifukiza, kwani ataungua au kukosa hewa. Majani ya mkaratusi na dawa za kuchua zenye menthol zisitiwe humo.

DAWA ZISIZOMFAA

Hapa ndipo wengi hupotoka. Paracetamol, ambayo mtu humeza bila wasiwasi, huweza kuharibu ini la mbwa na chembe zake nyekundu za damu. Ibuprofen huweza kumtoboa tumbo na kuziangusha figo zake. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi zisizo na sukari hutiwa utamu uitwao xylitol, ambao huishusha ghafla sukari ya damu ya mbwa na unaweza kumuua. Kitunguu saumu, ambacho wengi wetu hukiamini kwa mafua, nacho huvunjavunja chembe nyekundu za damu yake.

Vilevile, viuavijasumu vilivyobaki nyumbani havifai. Haviui virusi, na kuvitumia ovyo huwafanya bakteria kuwa sugu. Hata ile haja ya kukikomesha kikohozi huweza kuwa kosa: kikiwa chenye makohozi, ndicho kinachosafisha mapafu. Daktari ndiye anayepaswa kuamua ni kikohozi kipi kitulizwe na kipi kiachwe.

DALILI ZA HATARI

Kila asubuhi na jioni, mbwa akiwa amelala, hesabu mara ambazo kifua chake hupanda na kushuka kwa dakika moja. Mbwa mzima kwa kawaida huwa chini ya 30. Idadi ikizidi hapo na kuendelea kupanda, huenda mapafu yameingiliwa. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, hivyo pua yenye joto si kipimo. Kipimajoto kinachotiwa njia ya haja kubwa ndicho husema kweli, na kikipita nyuzi 39.5 ni wakati wa kutafuta daktari.

Mwite daktari siku hiyo hiyo iwapo mbwa amekataa chakula, anatoa kamasi nzito za kijani au manjano, au amezubaa. Usingoje hata saa moja ikiwa anapumua kwa kutumia tumbo, ametanua miguu ya mbele na hataki kulala, au fizi zake zimegeuka kuwa za samawati au kijivu. Hizo ni dalili za nimonia au kukosa hewa. Watoto wa mbwa, mbwa wazee na wale wenye nyuso bapa huzidiwa upesi kuliko wengine.

Pana maradhi mawili yanayoweza kujificha nyuma ya kikohozi. La kwanza ni distempa. Huanza kwa homa, macho na pua zinazotiririka na kukohoa. Kisha huja kuhara, nyayo kuwa ngumu na hatimaye mishtuko ya misuli au kifafa. Hakuna dawa inayoviua virusi vyake. Ukali wa maradhi haya ulidhihirika mwaka wa 1994, yalipoangamiza takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti nchini Tanzania na kuenea hadi Maasai Mara. Watafiti waliyahusisha na mbwa wa vijiji vya karibu.

La pili ni kichaa cha mbwa. Mnyama aliyepatwa nacho huweza kushindwa kumeza, kudondokwa na mate na kubadilika sauti, mithili ya aliyekwamwa na mfupa. Mwenye huruma hutia mkono kinywani ili autoe, na hapo huwa ameyaweka maisha yake hatarini. Usitie mkono. Mtenge mbwa huyo bila kumgusa, uwaarifu maafisa wa mifugo. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kunusurika. Mnamo 2014, Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030.

KINGA NA MAJIRANI

Mbwa anayekohoa asitolewe nje ya boma, na akae mbali na wenzake hadi wiki mbili baada ya kikohozi kukoma, kwa kuwa huweza kuendelea kuambukiza hata akionekana mzima. Bakuli lake lioshwe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye klorini, na lisuuzwe vyema. Binadamu huambukizwa Bordetella hii kwa nadra, lakini mtu ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu hafai kuwa mwuguzi wake.

Chanjo ya distempa huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Ipo pia chanjo ya kikohozi chenyewe, ambayo hupunguza makali bila kuzuia kila kisa.

Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote mbwa wako, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini, kwani si kila auzaye dawa katika duka la mifugo ana idhini ya kutibu. Na unapompigia simu, mpe hesabu ulizoandika: pumzi kwa dakika, joto la mwili, na siku ambayo kikohozi kilianza. Hizo zitamsaidia kuliko kumwambia tu kwamba mbwa anaumwa.