Mchawi Humtoa Jasho Mtunzi wa Katuni

Spider-Man huishiwa utando. Tangu alipobuniwa mwaka 1962 kwa kawaida anaurusha kutoka kwenye vifaa alivyojifunga mikononi, na watunzi wake hawachoki kuvikausha katikati ya pambano. Superman naye akisogezewa jiwe la kriptonaiti hulegea. Kwa kuwa msomaji anaijua mipaka hiyo, moyo humdunda kila shujaa anapoikaribia. Sasa mlete mchawi kwenye ukurasa huo huo. Hawezi nini? Mtunzi akikosa jibu, hadithi imeshamfia mkononi, hata michoro iwe mizuri namna gani.

Watu hudhani shida ni wingi wa nguvu. Sivyo. Superman ana nguvu za kupindukia, na bado wapo waliomwandikia hadithi nzuri mno. Shida ni kwamba apizo jipya halimgharimu mtunzi kitu. Kurasa 20 hivi za toleo la mwezi zinakaribia kuisha, adui bado amesimama, basi linachomolewa apizo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia na mambo yanakwisha. Mwezi unaofuata msomaji anauliza mbona halitumiki tena. Doctor Strange, aliyezaliwa mwaka 1963 mikononi mwa mchoraji Steve Ditko na mtunzi Stan Lee, amepitia kwa watunzi wengi, kila mmoja akimwachia mwenzake hirizi na maapizo yake. Tena anakaa Greenwich Village, New York, jiji moja na Spider-Man. Mji ukiwaka moto, jirani huyu yuko wapi?

Dawa ya haraka ni kizuizi. Zatanna wa kampuni ya DC, aliyebuniwa mwaka 1964, hutamka maapizo yake kinyumenyume. Mzibe mdomo, kwisha kazi. Kizuizi hicho kinatosha pambano moja tu, kwa sababu kitambaa kikitolewa anaweza tena lolote. Hadithi ya Identity Crisis ya mwaka 2004 ililivalia njuga pengo hilo. Ilionyesha kwamba Zatanna aliwahi kuichezea akili ya mhalifu Doctor Light, kisha akamfuta kumbukumbu Batman aliyemfumania. Swali likawa nani amemruhusu, wala si anaweza nini, na kwa mara moja mchawi akawa mtu wa kuogopwa na marafiki zake.

Wengine hurundika kanuni juu ya kanuni. Mimi siwafuati. Uchawi uliofafanuliwa mpaka mwisho huwa kama bomba la maji: fungulia hapa, yatoke pale. Katika simulizi zetu mganga hutoa dawa pamoja na masharti. Hatuelezwi dawa inafanyaje kazi, na hakuna anayelalamika, maana kila msikilizaji anasubiri sharti livunjwe. Mtunzi Jason Aaron na mchoraji Chris Bachalo walikwenda karibu na hapo mwaka 2015 walipoanza mfululizo wao wa Doctor Strange. Miaka ya uganga imemharibu tumbo, hawezi tena chakula cha kawaida, anakula vitu vya kutapisha anavyopikiwa na Wong, msaidizi wake. Baadaye inagundulika kwamba sehemu kubwa ya maumivu yake walikuwa wakibebeshwa watu wengine kwa siri.

Lakini bei peke yake haitoshi. Hadithi ninayoiona kuwa somo ni ya mwaka 1964, ya Lee na Ditko wenyewe. Strange anaingia katika ulimwengu wa Dormammu, mtawala ambaye hamwezi hata kidogo, na mtunzi hafichi hilo. Wakiwa wanapambana, nguvu za Dormammu zinapungua, na ukuta aliokuwa akiyazuia nao majitu yasiyo na akili unaanza kubomoka. Strange angeweza kukaa akatazama. Badala yake anamwongezea adui yake nguvu, ukuta unasimama. Dormammu anajikuta ana deni kwa mtu aliyemdharau; kwa aibu na hasira analazimika kuapa kutoivamia dunia. Apizo halikushinda kitu. Kiburi cha mwenye nguvu ndicho kilichomfunga, na kiburi tunakifahamu bila kufundishwa.

Linganisha na Spider-Man wa mwaka 2007. Shangazi yake amepigwa risasi na anakufa, shetani Mephisto anaahidi kumponya, malipo yakiwa ndoa ya Spider-Man, yaani Peter Parker, na Mary Jane, iliyofungwa mwaka 1987. Masharti yapo, tena makali. Wasomaji wengi walichukia, na nadhani walikuwa na haki: biashara ikishakamilika, wenyewe hawakumbuki kwamba walikuwa wameoana. Deni asilolikumbuka mdaiwa halimsumbui, kwa hiyo halimpi mtunzi kitu cha kuendelezea.

John Constantine, mchawi wa mfululizo wa Hellblazer, anakumbuka kila kitu. Mwaka 1991, katika hadithi ya Garth Ennis na mchoraji Will Simpson, sigara zimemletea saratani ya mapafu, na mkubwa wa mashetani, ambaye Constantine alimtukanisha, anaingoja roho yake kwa hamu. Kwa siri Constantine anaiuza roho ileile kwa mashetani wengine wawili, kila mmoja kivyake, kisha anajikata mishipa. Watatu wanafika kudai. Akifa, watapigana na jehanamu itaporomoka. Kwa hiyo, huku wakisaga meno, wanamponya. Ni ujanja wa ukoo mmoja na ule wa mvuvi wa Alfu Lela Ulela, aliyemrudisha jini chupani kwa kujifanya haamini kwamba aliwahi kuenea humo. Constantine aliondoka mzima akiwa na adui aliyeaibishwa mbele ya wenzake, na Ennis hakuliacha jambo hilo lipoe: shetani yule alirudi kudai. Mfululizo wenyewe ulifika toleo la 300 ndipo ukafungwa, mwaka 2013.