Hawaii: Mtumbwi uliowarudishia wakaaji heshima ya mababu

Tarehe 4 mwezi wa sita mwaka wa 1976, maelfu ya watu walijaa kwenye bandari ya Papeete, kisiwani Tahiti, kupokea mtumbwi wa matanga uliotoka Hawaii. Ulikuwa umevuka zaidi ya kilometa 4.000 za bahari ya Pasifiki bila dira wala ramani. Jina lake ni Hōkūleʻa, maana yake Nyota ya Furaha.

Kwa wakaaji wa Hawaii, safari hiyo ilikuwa jibu. Wakati ule kulikuwa wataalamu waliosema kwamba mababu wa Wapolinesia walifika kwenye visiwa vyao kwa bahati tu, wakisukumwa na upepo na maji. Hōkūleʻa ilionyesha kwamba wazee hao waliweza kwenda walikotaka, wakifuata nyota, upepo na mawimbi.

Lakini kulikuwa shida moja: Hawaii yenyewe haikuwa tena na mtu aliyejua kazi hiyo. Ufalme wao ulipinduliwa mwaka wa 1893, na miaka mitatu baadaye sheria ikaweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kwenye mashule. Watoto wengi wakakua bila kujua lugha ya babu zao, na maarifa mengi yakapotea.

Ndiyo maana walienda kumuomba Mau Piailug, mzee wa kisiwa kidogo cha Satawal, huko Mikronesia. Kwa desturi, elimu hiyo haikutolewa kwa watu wa nje. Mau akakubali, na ni yeye aliyeongoza mtumbwi mpaka Tahiti.

Mwaka wa 1978 ulileta huzuni. Hōkūleʻa ilipinduka usiku ikiwa na watu ndani. Mmoja wao, Eddie Aikau, aliondoka juu ya ubao wake wa kuteleza kwenye mawimbi ili kutafuta musaada. Wenzake waliokolewa, lakini yeye hakuonekana tena. Wenzake hawakuacha kazi. Mwaka wa 1980, Nainoa Thompson, mwanafunzi wa Mau na mtoto wa Hawaii, aliongoza mtumbwi mpaka Tahiti na kurudi, kwa kufuata nyota.

Lugha pia iliamka. Mwaka wa 1978 Kihawaii kiliandikwa katika katiba kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka wa 1984, wazazi na walimu wakafungua kwenye kisiwa cha Kauaʻi shule ya watoto wadogo ambako Kihawaii tu kinasemwa. Walifuata mfano wa Wamaori wa New Zealand, waliokuwa wameanza mbele yao. Miaka mitatu baadaye, mashule ya serikali nayo yakaanza kufundisha kwa lugha hiyo.

Kati ya 2014 na 2017, Hōkūleʻa ilizunguka dunia nzima, ikapitia hata Cape Town, Afrika ya Kusini.

Wanafunzi hawakumusahau mwalimu wao. Mwaka wa 2007 walimupelekea Mau mtumbwi mupya kwao Satawal. Huko, mzee huyo akawapa Nainoa na Wahawaii wengine wane cheo cha mabingwa wa bahari kufuatana na desturi. Mau alikufa mwaka wa 2010. Elimu aliyokataa kuificha ingali inafundishwa.