Honi ya treni ikizimwa, ni nani atakayekulinda?

JE, msomaji, umewahi kukurupushwa usingizini saa tisa za usiku na honi ya treni? Ikiwa unaishi karibu na reli, hali hii waijua vyema. Mtoto huangua kilio, mzee akaguna na kugeukia ukutani, naye mwanafunzi aliyeamka kudurusu akasahau alikuwa amefika wapi.

Huko Marekani, ambako reli nyingi hukatana na barabara katikati ya miji, kelele hizi zimezua mabishano ya miaka mingi. Sheria ya huko humlazimu dereva wa treni kupiga honi kati ya sekunde 15 na 20 kabla ya kufika kwenye barabara: mara mbili kwa kirefu, mara moja kwa kifupi, kisha kirefu tena. Mlio huo hauruhusiwi kupungua desibeli 96 ukipimwa futi 100 mbele ya treni. Sasa fikiria treni kadhaa kila usiku!

Huenda ukauliza, kwa nini honi zisipigwe marufuku tu? Jimbo la Florida lilijaribu. Kuanzia mwaka wa 1984, miji ya huko iliruhusiwa kuzima honi za treni za kampuni moja kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watu walilala, lakini ajali za usiku kwenye vivuko vilivyohusika zikaongezeka kwa asilimia 195, yaani karibu mara tatu. Mnamo 1991 serikali kuu iliamuru honi zirudi, na ajali zikapungua tena.

Kutokana na funzo hilo, kanuni zilizoanza kutumika mwaka wa 2005 zinaruhusu mji kutenga eneo la kimya lisilopungua nusu maili, mchana na usiku, au kuanzia saa nne za usiku hadi saa moja asubuhi pekee. Lakini kimya hicho hakitolewi bure. Kila kivuko cha umma katika eneo hilo sharti kiwe na taa za kumetameta, vizuizi vinavyoshuka treni ikikaribia, na mabango ya kuonya kwamba honi haitapigwa.

Aidha, mji waweza kuchagua njia nyingine za kuongeza usalama. Njia ya kwanza ni kuifunga kabisa barabara isiyo na magari mengi. Ya pili ni kuweka vizuizi vinne badala ya viwili, ili pande zote za barabara zizibwe na dereva mwenye haraka asipate upenyo wa kupita. Ya tatu ni kujenga ukingo katikati ya barabara, ambao humzuia mtu kukizunguka kizuizi. Ya nne ni kuigeuza barabara iwe ya kuelekea upande mmoja tu.

Kuna pia honi inayofungwa pale pale kwenye kivuko, ikielekezwa kwa magari yanayokuja. Hii haileti kimya kamili, ila kelele haisambai mtaa mzima kama ile ya treni. Tena, hata katika eneo la kimya, dereva wa treni akiona mtu au gari kwenye reli bado ana ruhusa ya kupiga honi.

Tatizo ni gharama, ambazo aghalabu huiangukia serikali ya mji, na hatimaye mlipa kodi. Ndiposa wengine husema heri nusu shari kuliko shari kamili, wakavumilia kelele.

Nasi hapa Kenya tuna la kujifunza. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ilijengwa ili barabara zipite juu au chini yake. Lakini reli ya zamani bado inakatana na barabara na vijia vya mitaa, kama vile Kibera, ambako watu huivuka kwa miguu kila siku.

Basi mzazi, mfunze mwanao asimame, atazame pande zote mbili na asikilize kabla ya kuvuka. Nawe honi ikikuamsha usiku, kabla ya kuilaani jiulize: pale wanangu wanapovukia, kuna nini kingine cha kuwaonya?