Mwenye mashine, anza na kiti cha mota

MSIMU wa korosho unapofunguka na fedha kuanza kuingia mifukoni, mafundi seremala wa Masasi na Newala hupata oda za vitanda, na kwenye mashine za kusaga mabeseni ya makopa na mahindi hupangwa foleni tangu asubuhi. Hapo ndipo mikanda huchanika na beringi kuanza kulia. Lawama huiangukia mota, ambayo mara nyingi haina kosa. Kosa liko chini yake, kwenye kiti.

Kwa miaka mingi vinu vya ukanda huu viliendeshwa kwa injini za dizeli. Umeme wa gesi ya Mnazi Bay ulianza kuzalishwa Mtwara katika miaka ya 2000, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Nguzo zilipofika, kuhamia kwenye mota kukawa na maana, kwani dizeli ya kupandishwa hadi Newala, juu ya uwanda, si ya bei ya mchezo. Lakini mota haikai ilipokaa injini. Matundu hayalingani, kimo hakilingani, na mwendo ndio kabisa.

Mwendo uangaliwe kwanza, maana unaua. Injini ya taratibu ya aina ya Lister CS huzunguka mara 650 kwa dakika. Ikifungwa puli ya milimita 450 na kinu kikawa na puli ya milimita 100, kinu huzunguka kama mara 2,900. Mota ya kawaida huzunguka mara 1,450. Mwenye mashine akiihamishia puli ile ile ya injini, kinu kitatakiwa kuzunguka zaidi ya mara 6,500, na nyundo zake zinaweza kung'oka na kutoboa bati. Mota hiyo inahitaji puli ya milimita 200 tu. Hesabu ni rahisi: mwendo wa mota zidisha kwa upana wa puli yake, kisha gawanya kwa upana wa puli ya kinu.

Baada ya hapo ndipo chuma kikatwe. Mota nyingi za vipimo vya mita zina namba kwenye kibati chake. Iliyoandikwa 90 ina maana kuwa katikati ya ekseli hadi chini ya miguu ni milimita 90. Ikiwa 90L, matundu yake ya miguu yako milimita 140 kwa 125. Ikiwa 90S, ni 140 kwa 100. Mota ya mtumba isiyo na kibati isikadiriwe kwa macho. Weka kipande cha boksi chini ya miguu, chora matundu, na boksi hilo liwe ndiyo ramani ya fundi wa kuchomelea.

Mashine ya seremala ya kukereza miguu ya vitanda, yenye mota ya nguvu ya farasi mmoja, inatosha bamba la milimita 6. Bamba lifungwe bawaba upande mmoja ili uzito wa mota wenyewe uvute mkanda. Seremala akiinua bamba kidogo anahamisha mkanda kutoka puli ndogo kwenda kubwa: mwendo wa taratibu kwa gogo ghafi, wa kasi kwa kumalizia. Kwa kinu cha kusaga, bawaba haifai. Mota kubwa inataka fremu ya chaneli iliyofungwa kwenye msingi wa zege, na matundu marefu ili mota isogezwe kwa boliti ya kusukumia. Wanaoichomelea mota moja kwa moja kwenye fremu wanaokoa boliti nne na kupoteza mkanda baada ya mkanda.

Wakati wa kuchomelea mota iondolewe kabisa, kwani umeme wa mtambo ukipita kwenye beringi huziharibu kabla hazijafanya kazi hata siku moja. Moto pia hupinda bamba. Kwa hiyo mota ikirudishwa, legeza boliti moja moja. Mguu ukiinuka, ujazwe kipande cha bati chini yake, usikazwe kwa nguvu hadi ukapasuka.

Kunyoosha puli hakuhitaji kifaa cha gharama. Uzi wa mwashi ukivutwa kwenye nyuso za puli zote mbili, zenye unene sawa wa ukingo, uguse sehemu nne bila kuacha mwanya. Mkanda nao ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati, ushuke kama sentimita moja na nusu kwa kila mita ya urefu kati ya puli. Mkanda uliokazwa kama uzi wa zeze unakula beringi.

Kinga ya mkanda isiachwe kwa kisingizio cha joto. Wateja wengi wa mashine za kusaga ni kina mama, na pindo la kanga halihitaji mwaliko. Wavu wa chuma hupitisha hewa na bei yake ni ndogo.

SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Mtwara kwa anayetaka ushauri wa mitambo, ingawa kutoka Masasi ni safari ya karibu kilomita 200. Aliyekwisha kufunga kiti kipya asiende mbali wiki ya kwanza: mkanda mpya hulegea, boliti hulegea, na vyote vinatakiwa kukazwa upya umeme ukiwa umezimwa.