Mji wa Mimba Huvumilia, Mayai Hayangoji

Novemba 29, 2023, katika Women's Hospital International and Fertility Centre jijini Kampala, mwanamke wa miaka 70 kutoka Masaka alijifungua pacha kwa upasuaji, wa kike na wa kiume. Akawa Nnalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa mama wa pacha. Hospitali hiyo ilikuwa na uzoefu: mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa maabara alizaliwa kwa mikono yake mwaka 2004. Lakini mitaani watu wakaanza kuambiana kwamba umri si kitu.

Umri ni kitu kikubwa mno. Ila tuulize, umri wa nini?

Mtoto wa kike hutengeneza mayai yake angali tumboni mwa mamaye. Mimba ikitimiza miezi mitano hivi, huwa nayo kama milioni 6 au 7. Akizaliwa yamebaki milioni 1 au 2. Akivunja ungo, laki tatu hadi nne. Yatakayopevuka maisha yake yote ni kama 400 au 500 tu. Mengine hunyauka mwezi baada ya mwezi, hata akiwa mjamzito, hata akitumia vidonge vya kupanga uzazi.

Tena yai linalopevuka mwanamke akiwa na miaka 40 limekaa miaka yote hiyo, likiwa limesimama katikati ya mgawanyiko ulioanza kabla hajazaliwa. Muda huo protini zinazoshikanisha kromosomu hulegea, na siku ya kupevuka kromosomu moja huweza kuangukia upande usio wake. Ndiyo maana kuanzia miaka 35 hivi mimba hushika kwa shida zaidi, na huharibika kwa wepesi.

Mji wa mimba hauna hesabu hiyo. Hata hedhi ikishakoma, ukipewa homoni za estrojeni kisha projesteroni, ukuta wake hunenepa na kupokea kiinitete. Mama wa Masaka alipewa yai la mwanamke mwingine, likarutubishwa kwa mbegu za mwenzi wa mama huyo. Moyo, mishipa na figo ndivyo vilivyobaki na umri wa mwenyewe, na hapo ndipo penye hatari: shinikizo la damu, kifafa cha mimba, watoto njiti.

Kinachonisikitisha ni kwamba habari hiyo imefunika tatizo la kawaida zaidi kwetu, mirija ya uzazi iliyoziba. Yai na mbegu hukutana ndani ya mrija. Klamidia au kisonono kisichotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au kutoa mimba kwa njia isiyo salama, huacha makovu yanayoufunga. Klamidia mara nyingi haina dalili, na dawa yake ni ya bei ndogo. Lakini mirija ikishaziba, kutungisha mimba maabara hugharimu mamilioni ya shilingi.

Na wanaume je? Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mume naye ana kasoro, peke yake au pamoja na mke. Kipimo cha manii ni rahisi, hakina kisu wala maumivu. Hata hivyo mke ndiye anayezungushwa kwa madaktari na waganga, miaka ikimpita. Ikiwa mke hajafika miaka 35, mwaka mmoja wa kujaribu bila mimba unatosha kwenda kupimwa. Akiwa amepita hapo, miezi sita. Waende wote wawili, siku hiyohiyo.